Maoni – Kabla ya kuhukumu kisoma-diski, mafundi wachunguze kwanza diski

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta, iwe Lubumbashi, Bukavu, Goma au Bunia, kuna hukumu moja inayotolewa haraka kuliko zote: «Kisoma-diski kimekufa, lazima kukibadilisha.» Mwenye mashini analipa. Asiyekuwa na pesa anarudi nyumbani na kompyuta isiyofanya kazi, na baada ya miezi michache anaiuza kwa bei ya vyuma.

Mara nyingi hukumu hiyo haina msingi. Kisoma-diski ni kizima, mashini ni nzima, na kilichokosekana ni dakika ishirini za kutafuta sababu. Sasa ndio wakati wa kusema jambo hili wazi, maana mashini zinazohitaji kuwekewa mfumo upya zitaongezeka.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imemaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashini za Intel inadai kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Ofisi za Ulaya zinazofuata sheria hiyo zitaachana na kompyuta za zamani ambazo bado zina nguvu. Ni rahisi kutabiri kwamba sehemu ya mashini hizo itapita Mombasa na Dar es Salaam na kufika mashariki mwa Congo na Katanga, kama zilivyofika zilizotangulia. Nyingi kati yake zina kisoma-DVD ubavuni, kwa kuwa ni za miaka ambayo watengenezaji walikuwa bado hawajakiondoa.

Ujumbe unaodanganya

Mfano unaojulikana kwa kila fundi ni ule wa Windows 7. Diski inaingizwa, kompyuta inawaka, nembo inatokea, lugha inachaguliwa, kitufe cha kuanza kinabonyezwa. Kisha unatokea ujumbe kwamba draiva ya kisoma-CD au DVD inakosekana. Katika mashini za Kifaransa neno ni «pilote», lakini maana ni ileile.

Mwenye kompyuta anasoma «CD/DVD» na «inakosekana», na anaamini kisoma-diski kimeharibika. Fundi mwenye haraka anamuunga mkono. Hakuna anayejiuliza swali la kwanza kabisa: kama kisoma-diski kimekufa, ujumbe huo wenyewe umetoka wapi? Umesomwa kutoka diski hiyohiyo, na kisoma-diski hichohicho.

Jibu liko katika namna kompyuta inavyoamka. Mwanzoni ni BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya bodi ya mashini, inayosoma diski kwa njia zake yenyewe na kupakia sehemu ya kwanza ya Windows katika kumbukumbu. Baada ya hapo BIOS inakaa pembeni, na Windows inaanza kusoma diski kwa kutumia draiva zake. Ni kama safari inayobadilisha dereva kwenye mpaka. Dereva wa kwanza amefikisha gari salama. Wa pili anapokea usukani lakini hajui njia. Gari linasimama. Kulipeleka gareji kubadilisha injini ni kupoteza pesa bure.

Kwa nini dereva wa pili hajui njia? Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, kabla USB 3.0 haijaenea. Ndani ya diski yake ya awali hakuna draiva za USB 3.0, Windows ilianza kuwa nazo zenyewe katika toleo la 8, mwaka 2012. Mtu anayechomeka kisoma-DVD cha nje, au flashi, katika tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la rangi ya buluu, anakutana na ujumbe huo hata kama kila chombo ni kipya. Dawa ya kwanza haina bei: kufuta, kurudi kwenye ukurasa wa mwanzo, kuhamisha waya kwenye tundu la USB 2.0, na kubonyeza tena kitufe cha kuanza.

Kwa mashini za Intel zilizotoka kuanzia mwaka 2015 na prosesa za kizazi cha sita, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu matundu yote ya USB yanapita katika kidhibiti cha aina mpya. Hapo hata kibodi na panya vinaweza kukataa kufanya kazi wakati wa kuweka Windows 7. Kilichobaki ni kuziingiza draiva za USB 3.0 ndani ya faili la mfumo kabla ya kuchoma diski, au kuachana na Windows 7, ambayo tangu 14 Januari 2020 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Hilo la pili ndilo shauri bora, hata kama wateja wengi hawapendi kulisikia.

Diski yenyewe ndiyo mshitakiwa wa kwanza

Sababu ya pili ya ujumbe huo ni ya aibu zaidi kwa sababu ni nyepesi: diski mbaya. Faili la ISO lilipakuliwa nusu, mtandao ukakatika, likaendelea vibaya. Au lilichomwa kwa mwendo wa juu kabisa katika DVD ya bei ya chini. Diski kama hiyo husomeka mwanzoni na kukwama katikati, na Windows haisemi «diski yako ni mbaya». Inasema draiva inakosekana, kwa kuwa haikuona faili ililolitafuta.

Kuna njia ya kujua kabla ya kuchoma. Kila faili lina alama yake, kama alama ya kidole, inayohesabiwa kwa njia iitwayo SHA-256. Watoaji wa Linux huitangaza alama hiyo pembeni ya faili. Katika Windows, amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, inatoa alama ya faili lililopakuliwa. Zikilingana, faili ni kamili. Herufi moja ikitofautiana, hakuna sababu ya kupoteza DVD. Kisha diski ichomwe kwa mwendo mdogo, programu iagizwe kuihakiki baada ya kuchoma, na kazi hiyo ifanyike kwenye kompyuta yenye betri nzuri, maana umeme ukikatika katikati, diski imekwisha.

Hapa ndipo biashara ya diski za barabarani inapoingia. DVD za Windows zinazouzwa sokoni ni nakala za nakala, nyingine zimebadilishwa na watu wasiojulikana, na hakuna alama yoyote ya kuzilinganisha nayo. Zinakaa juani siku nzima, na jua na joto ndivyo vinavyoharibu rangi ya DVD iliyochomwa, ile inayobeba habari. Fundi anayetumia diski hiyohiyo kwa miaka miwili, iliyojaa mikwaruzo, halafu anahukumu visoma-diski vya wateja wake kimoja baada ya kingine, anapaswa kujiuliza ni nani kati yao mwenye ugonjwa.

CD si DVD, hata kama zinafanana

Mabishano mengi kati ya fundi na mteja yanatokana na jambo moja dogo. Mteja anasema: «Kisoma-diski kinafanya kazi, jana kilipiga muziki.» Fundi anasema: «Hakisomi kitu.» Wote wawili wanaweza kuwa na haki.

CD husomwa kwa mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. DVD husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Kisoma-DVD kina uwezo wa kutoa mianga yote miwili, na mmoja unaweza kuchoka wakati mwingine bado mzima. Kwa hiyo CD ya muziki haithibitishi kwamba DVD itasomwa. Na katika kompyuta za mezani za zamani kuna visoma-diski vya CD tu. Hivyo havitasoma DVD hata vikisafishwa mara kumi. Inatosha kutazama nembo iliyopigwa kwenye mlango wake: kama hakuna neno DVD, hakuna DVD.

Ukubwa nao una sheria zake. CD inabeba megabaiti 700. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, na ile ya tabaka mbili 8.5. Ubuntu, ambayo miaka ya nyuma ilikuwa ikitumwa bure duniani kwa CD, ilizidi ukubwa wa CD mwaka 2012 na toleo la 12.10. Leo faili la Windows 11 halienei tena katika DVD ya kawaida, na Ubuntu 24.04 kwa kompyuta za mezani hali kadhalika. Linux Mint bado inaenea. Mtu anayelazimisha faili kubwa katika DVD ndogo hapaswi kushangaa, wala kulaumu kisoma-diski.

Kinachobaki ni mipangilio. Windows XP ya mwaka 2001 haina draiva za AHCI, namna ya kisasa ya kuongea na diski kuu; ikikutana nayo inaonyesha ukurasa wa buluu wenye namba 0x0000007B. Katika BIOS ya mashini nyingi za wakati ule, kubadilisha AHCI kuwa IDE kunatosha. Katika kompyuta za mezani zenye kebo pana za IDE, vyombo viwili vilivyowekwa vyote kuwa «master» hugombana, na kimoja kinapotea machoni pa mashini. Kipini kidogo cha plastiki kikihamishwa, amani inarudi.

Na kama yote hayo yameshindikana, bado kuna jaribio la mwisho kabla ya kumwomba mteja pesa. Katika kompyuta nyingi za kubeba, kisoma-diski kinashikwa na skrubu moja chini na kinatoka kama droo. Vingi vina unene wa milimita 12.7 au 9.5. Fundi achukue kinachofanya kazi kutoka mashini nyingine yenye unene huohuo, akiweke, ajaribu. Kama kipya nacho kinakataa, kosa liko kwingine. Jaribio hilo halihitaji shahada, linahitaji uaminifu.

Hasara kubwa si pesa

Wengine watasema haya yote ni mambo ya zamani: DVD imekufa, siku hizi kila mtu anatumia flashi. Wana sehemu ya haki. Flashi ni ya haraka, inafutwa na kutumika tena, na Microsoft yenyewe iliuza Windows 10 madukani katika flashi. Penye mashini mpya, flashi itumike bila kusita.

Lakini flashi haiondoi tatizo, inalihamisha. Flashi yenye Windows 7 katika tundu la USB 3.0 inatoa ujumbe uleule wa CD na DVD, ingawa hakuna DVD mahali popote, na ndio uthibitisho wa mwisho kwamba ujumbe huo haupaswi kusomwa neno kwa neno. Flashi iliyoformatiwa kwa mtindo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kompyuta nyingine za zamani hazijui kuamka kutoka USB. Na katika mji ambao mtandao unauzwa kwa megabaiti, diski iliyochomwa vizuri inayozunguka darasani inasaidia watu wengi kuliko kiungo cha kupakua.

Hatari kubwa zaidi iko mahali pengine. Wakati wa kuweka mfumo, mashini zenye UEFI, mrithi wa BIOS, huonyesha kisoma-diski mara mbili katika orodha ya kuamka: mara moja na neno UEFI mbele, mara moja bila neno hilo. Anayechagua ile isiyolingana na mpangilio wa diski kuu anaambiwa kwamba Windows haiwezi kuwekwa hapo, kwa sababu diski ni ya mtindo wa GPT au MBR. Dawa ni kuanza upya na kuchagua mlango wa pili. Lakini mafundi wengi wanachukua njia ya mkato: wanaifuta diski kuu yote. Windows inaingia, mteja anafurahi, na jioni anatafuta kazi yake haioni.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayeandika TFC, kazi ya kumaliza masomo, hiyo ni miezi ya uchunguzi iliyopotea wiki chache kabla ya kujitetea mbele ya walimu. Kwa shule, ni orodha za wanafunzi na matokeo yao. Kwa familia, ni picha za waliofariki. Hakuna duka linalouza vitu hivyo.

Na cha kuumiza ni kwamba chombo cha kuviokoa ni kilekile kilichohukumiwa. DVD ya Linux inaweza kuendesha kompyuta moja kwa moja bila kugusa diski kuu, hata kama Windows imekataa kabisa kuamka. Kwa diski kuu ambayo bado ni nzima na haikufungwa kwa siri, fundi anaingiza DVD hiyo, anafungua folda za mteja, anazinakili katika flashi, na ndipo anaanza kazi. DVD hiyo pia ni kipimo kizuri: ikisomeka mpaka mwisho, kisoma-diski hakijafa, na mjadala umefungwa.

Nani afanye nini

Mafundi ndio wa kwanza. Wengi wao wamejifunza wenyewe, bila kitabu, kwa mashini zilizoletwa zikiwa nusu mfu, na bila wao miji mingi ingekuwa bila kompyuta inayowaka. Heshima hiyo wanaistahili, na ndiyo sababu wanapaswa kuilinda. Kabla ya kudai bei ya kisoma-diski kipya, fundi amwonyeshe mteja mambo matatu: kwamba diski nyingine nzuri nayo imekataliwa, kwamba tundu na mipangilio vimejaribiwa, na kwamba kisoma-diski cha kuazima kimefanya kazi pale ambapo cha mteja kimeshindwa. Na kabla ya kufuta chochote, aulize kwa sauti: «Una kazi gani humu ndani?»

Wauzaji wa mashini za mtumba wafuate. Yule anayeuza kompyuta kwa kuonyesha tu kwamba inawaka hajaonyesha kitu. Aingize DVD mbele ya mnunuzi, na mnunuzi asione haya kudai hivyo. Anayenunua pikipiki huizungusha kwanza barabarani. Kwa nini kompyuta iliyokula akiba ya mwaka inunuliwe kwa macho tu?

Vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vina deni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa informatika anayemaliza masomo akijua kuandika programu ubaoni, lakini asijue kwa nini mashini iliyo mbele yake inakataa kuamka, amefundishwa nusu. Somo la kutafuta kosa linaweza kufundishwa kwa mashini tano mbovu na diski kumi. Na chuo chenye mtandao kingeweza kupakua mara moja mafaili ya Linux pamoja na alama zake za SHA-256, kuyaweka katika kompyuta moja ya maktaba, na kumruhusu kila mwanafunzi kuyanakili bure. Gharama ni ya kupakua mara moja. Faida ni ya watu wote, na soko la diski chafu linapungukiwa wateja.

Wateja nao wasijitoe. Anayekataa kuambiwa kwamba mashini yake ya gigabaiti mbili za kumbukumbu haitabeba Windows mpya, na anayemsukuma fundi amalize kwa saa moja, ananunua mwenyewe uongo atakaoulalamikia kesho. Mwenye kompyuta aweke nakala ya kazi zake katika flashi au kwa ndugu, leo, kabla ya kukanyaga kibanda chochote.

Congo inapokea mashini ambazo wengine wamezichoka. Si aibu, na si lazima iwe hasara: kompyuta ya mwaka 2013 iliyowekewa Linux Mint inaandika TFC, inafungua mtandao na inafundisha watoto. Lakini nchi inayoishi kwa vyombo vya zamani haiwezi kumudu mafundi wa kubahatisha. Kila kisoma-diski kizima kinachotupwa ni pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu asiyekuwa nayo, na kila diski kuu inayofutwa bila kuuliza ni kazi ya mtu isiyorudi tena.